Megawati Tatu za Sol Plaatje

Maji ya bomba tunayokunywa sisi tunaoishi Joubert Park hayatoki Johannesburg. Mji huu uliota juu ya dhahabu, mahali pasipo mto wa maana wala ziwa, kwenye mgongo wa ardhi ambako mvua ikinyesha upande wa kaskazini hushuka mpaka Limpopo na Bahari ya Hindi, na ikinyesha upande wa kusini huishia Atlantiki. Dhahabu ilipatikana, maji hayakupatikana, na tangu hapo mji umekuwa ukiyafuata mbali zaidi kila kizazi. Leo sehemu kubwa ya maji hayo huanzia katika milima ya Lesotho, nyuma ya ukuta wa bwawa la Katse unaosimama mita 185 kwenda juu.

Tuyafuate. Kutoka Katse yanaingia katika handaki lenye urefu wa kilomita 45 ndani ya mwamba, yanateremka hadi mahali paitwapo ’Muela na kuzungusha mitambo mitatu yenye jumla ya megawati 72, ambayo ni tegemeo kubwa la umeme wa Lesotho. Yakitoka hapo yanaingia handaki la pili, kilomita 37, yanapita chini ya mpaka wa nchi mbili bila pasipoti (jambo ambalo wengi wetu tunaopanga foleni za vibali hatuwezi kulisoma bila kuguna), kisha yanachomoza karibu na mji mdogo wa Clarens na kumwagikia katika mto Ash. Kutoka Ash yanakwenda Liebenbergsvlei, kutoka Liebenbergsvlei yanakwenda Wilge, na Wilge unayafikisha katika bwawa la Vaal. Safari ya kuteremka inaishia hapo. Johannesburg iko juu, kwa hiyo maji husafishwa na kusukumwa na pampu kupanda zaidi ya mita 300, na pampu hizo zinakula umeme ambao kwa sehemu kubwa umetokana na makaa ya mawe.

Kwa hiyo birika likichemka kwenye gorofa ya tisa mtaa wa Twist, maji yaliyomo yameshafua umeme njiani, na umeme umetumika tena kuyapandisha. Makala haya yanahusu kituo kimoja kidogo kilichopo katikati ya njia hiyo, nje kidogo ya mji wa Bethlehem, mkoa wa Free State, kilomita 240 hivi kutoka hapa. Kinaitwa Sol Plaatje. Uwezo wake ni megawati tatu tu. Kilianza kazi mwaka 2009, na kabla yake ilikuwa imepita miaka zaidi ya ishirini bila kituo kidogo kipya cha maji cha kibiashara kujengwa Afrika Kusini.

Tulivutwa na jina kabla ya kuvutwa na umeme. Solomon Tshekisho Plaatje ni mtu ambaye kila mwanachama wa klabu ya lugha ya Kiafrika anapaswa kumfahamu. Alizaliwa 1876 katika Free State hiyohiyo, akawa mwandishi wa habari, mkalimani wa mahakama, na katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Alimpenda Shakespeare na alikipenda Kitswana, akaona hakuna sababu ya wawili hao kutofahamiana. Tafsiri yake ya The Comedy of Errors ilitoka 1930 kwa jina la Diphosho-phosho. Alifariki 1932 Pimville, hapahapa Johannesburg. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa 1937, miaka mitano baada ya kifo chake, na mchapishaji alikuwa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mwendo wa miguu kutoka bustani ya Joubert.

Msomaji wa Kiswahili ameshajua tunakoelekea. Mwalimu Nyerere naye alimfasiri Julius Caesar, toleo la kwanza 1963 na lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Na yeye pia ana kituo cha umeme wa maji chenye jina lake, kwenye mto Rufiji: megawati 2,115, mashine tisa, kila moja megawati 235. Wafasiri wawili wa tamthilia moja, kila mmoja katika lugha yake, na kila mmoja jina lake limeandikwa kwenye ukuta unaozuia maji. Mmoja ana megawati 2,115, mwingine ana tatu. Kwa hesabu ya megawati, Mwalimu anamzidi Plaatje mara mia saba na tano.

Jina hilo lilifika Bethlehem kwa njia ya msiba. Bwawa hilo zamani liliitwa Saulspoort. Tarehe 1 Mei 2003 basi lililobeba wafanyakazi kutoka Kimberley, waliokuwa wakienda QwaQwa kusherehekea Siku ya Wafanyakazi, lilitumbukia humo usiku. Walikufa watu zaidi ya arobaini. Wengi wao walikuwa waajiriwa wa manispaa ya Kimberley, ambayo rasmi inaitwa Sol Plaatje, na miaka miwili baadaye bwawa likapewa jina hilo kwa kumbukumbu yao. Ni watu waliokuwa wakisoma mita, wakifagia barabara na kuziba mabomba yanayovuja. Kituo kilipojengwa kwenye bwawa hilo kikarithi jina. Tukiandika “Sol Plaatje, megawati tatu”, basi tunaandika jina la mfasiri na la wafanyakazi hao pamoja.

Sasa turudi kwenye umeme wenyewe. Kiswahili kina neno zuri hapa kuliko Kiingereza: Watanzania husema kufua umeme, kama mhunzi afuavyo chuma. Wakenya husema stima, neno lililotoka kwenye injini za mvuke, ingawa sehemu kubwa ya stima yao ya zamani ilitoka kwenye mito. Wakongo wetu hutumia neno la Kifaransa. Walimu watatusamehe, sisi tumechagua kufua, kwa sababu ndicho kinachotokea: kitu kizito kinapiga chuma na chuma kinatoa kitu kingine.

Uzito huo unahesabika. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Lesotho huleta Afrika Kusini karibu mita za ujazo milioni 780 kwa mwaka, nayo ukiigawa kwa sekunde inakuwa kama tani 25 kila sekunde, usiku na mchana, kiangazi na masika. Tani 25 zikiporomoka mita kumi kila sekunde, na mashine zikipoteza kidogo njiani, unapata kama megawati mbili. Mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kuhakikisha. Kwa hiyo megawati tatu hazihitaji ukuta mrefu wala bonde kuzamishwa. Panatosha mteremko mdogo na maji ambayo tayari yanapita.

Na hayo maji yalikuwa yanapita kwa hasira. Mto Ash ulikuwa kijito. Maji ya Lesotho yalipofunguliwa mwaka 1998, kijito kikawa mto mkubwa ghafla, ukaanza kula kingo zake na mashamba ya watu, ikabidi zijengwe kuta na ngazi za kuupunguza nguvu. Nguvu ile iliyokuwa inachimba udongo ndiyo wahandisi waliyoona inaweza kuzungusha mashine. Leo kwenye mto huo kuna vituo kadhaa vya aina hii mbali na Sol Plaatje: Merino, Stortemelk, Kruisvallei. Hakuna hata kimoja kinachozidi megawati tano. Vyote vinaishi kwa maji ya mtu mwingine: ratiba ya maji inapangwa kwa ajili ya kiu ya Gauteng, na umeme unachukua kinachopita.

Wenzetu wawili kwenye kikao chetu cha klabu walibishana sana juu ya thamani ya megawati tatu, na ubishi wao ndio uliotufanya tuandike. Wa kwanza, anayesomea uhandisi, alipiga hesabu ubaoni. Mgao wa umeme wa Afrika Kusini ulihesabiwa kwa hatua, na kila hatua ni megawati 1,000 zinazozimwa kwa wateja. Ili kufuta hatua moja tu ungehitaji vituo 333 kama Sol Plaatje. Mashine moja ya kituo cha makaa cha Medupi au Kusile inatoa karibu megawati 800, kwa hiyo siku ikiharibika, Sol Plaatje haiwezi kuziba hata nusu ya asilimia moja ya pengo lake. Mwaka 2023, mwaka mbaya kuliko yote, wakati gorofa zetu zilipokuwa gizani saa nyingi kwa siku, kituo hicho kilikuwa kinafanya kazi yake kama kawaida na hapa Joubert Park hakuna aliyejua. “Ni tone,” alisema, “na mtu hazimi moto kwa tone.”

Hesabu yake ni sahihi. Tunachobishia ni swali alilouliza.

Umeme ukishaingia kwenye waya hausafiri kwenda kwa mtu fulani kama barua. Unatumiwa na aliye karibu kwanza. Megawati tatu zinazoingia kwenye nyaya za Bethlehem zinachemsha chai ya Bethlehem, na megawati tatu ambazo zingesafirishwa kutoka vituo vya makaa vya Mpumalanga, mamia ya kilomita, hazihitajiki tena pale. Njiani waya hupata joto na joto hilo ni umeme uliopotea. Mwisho wa laini ndefu volti hushuka, taa hufifia, mota za pampu na mashine za kusaga huungua. Kituo kidogo kilichokaa mwishoni mwa laini huinua volti hizo, na kazi hiyo kituo kikubwa kilicho mbali hakiifanyi vizuri hata kiwe na megawati elfu mbili.

Kisha kuna suala la muda. Jua linalala saa kumi na mbili jioni, saa ileile tunapowasha majiko. Maji ya Lesotho hayalali. Yanatoa kidogo, lakini mwendeshaji wa gridi anajua jana yalitoa nini na kesho yatatoa nini.

Hata hivyo kuna jambo lililotushangaza tulipolisoma, na tulilirudia mara mbili ili tuhakikishe tumelielewa. Mashine zote zilizounganishwa kwenye gridi moja huzunguka kwa mapigo mamoja, mara 50 kwa sekunde, kuanzia Cape Town hadi Zambia, kama wapiga ngoma wanaofuata mkono mmoja. Sol Plaatje nayo inafuata mkono huo. Laini inapozimwa, kwa hitilafu au kwa mgao, kwa kawaida kituo kidogo cha namna hii lazima kijitoe na kusimama. Sababu ya kwanza ni fundi aliye juu ya nguzo: ameambiwa laini imekufa, na mashine ndogo ikiendelea kusukuma umeme upande wa pili itamuua. Sababu ya pili ni kwamba mashine iliyozoea kufuata mapigo ya wenzake haiwezi kuyashika peke yake kama haikutengenezwa hivyo. Mtaa mzima ukiwasha majiko kwa pamoja, mwendo wake unayumba na vyombo vya watu vinaungua. Kwa maneno mengine, unaweza kuishi mita mia mbili kutoka kwenye bwawa, ukasikia maji yanavuma usiku kucha, na ukakaa gizani pamoja na sisi wa Johannesburg.

Suala hili limewahi kufika mahakamani. Mji wa Frankfort uko kando ya mto Wilge, katika njia ileile ya maji tuliyoifuata mwanzo. Kampuni iliyokuwa inaendesha nyaya za mji huo ilishirikiana na shamba la umeme wa jua, ikasema: saa ambazo jua letu linatosha, mji wetu usikatiwe kwa kiasi hichohicho tunachozalisha. Eskom ilikataa, ikitaja usalama na udhibiti wa gridi yote. Mwaka 2023 Mahakama Kuu hapa Johannesburg ilikataa ombi la dharura la kampuni hiyo. Kuna waliofurahi, kwa hoja kwamba mji wenye uwezo wa kujenga shamba la jua usijitoe kwenye mzigo unaobebwa na wote, mpaka wabaki gizani wa Soweto na wa hapa Joubert Park peke yao. Kuna waliokasirika, kwa hoja kwamba ukimzuia mtu kufaidi taa aliyoiwasha mwenyewe, hakuna atakayewasha taa. Sisi hatukuweza kukubaliana wote, na tuliona ni heri kuandika hivyo kuliko kujifanya tumekubaliana.

Tabia ya Johannesburg kutazama mbali kwa ajili ya umeme ni ya zamani. Mwaka 1906 ilianzishwa kampuni ya kuleta umeme kutoka maporomoko ya Victoria, karibu kilomita elfu moja kutoka hapa, kuja kuendesha migodi ya dhahabu. Kampuni ikapewa jina la maporomoko, ikakusanya mtaji kwa jina la maporomoko, na umeme wa maporomoko haikuleta hata siku moja. Makaa yalikuwa karibu na bei yake rahisi, ikajenga vituo vya makaa Brakpan, Rosherville na kwingineko, na iliendelea kuitwa Kampuni ya Umeme ya Maporomoko ya Victoria na Transvaal mpaka Eskom ilipoinunua mwaka 1948. Katika historia yote ya umeme wa mji huu hatujakuta kichekesho kizuri zaidi.

Baadaye mbali kulifika kweli. Kutoka Cahora Bassa, Msumbiji, laini ya kilomita 1,400 hivi inaleta umeme mpaka kituo cha Apollo, kati ya Johannesburg na Pretoria. Ilimalizika mwishoni mwa miaka ya 1970, vita vikaangusha nguzo zake, na kwa muda mrefu, karibu mpaka mwisho wa miaka ya 1990, haikuleta kitu. Mwaka 2013 Afrika Kusini ilisaini mkataba na Kongo wa kununua megawati 2,500 kutoka Inga, kituo ambacho hakijajengwa. Wenzetu kutoka Kongo wakisikia Inga hutikisa kichwa. Wanaifahamu laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyokamilika 1982 kuwapelekea umeme wachimbaji wa shaba. Inapita juu ya vijiji visivyohesabika, na kwa kuwa ni umeme wa mkondo wa moja kwa moja, haiwezekani kuukata njiani kwa transfoma ya kawaida na kumpa mwanakijiji. Watoto wamekua chini ya nyaya hizo wakisomea koroboi.

Hapo ndipo mwenzetu wa pili katika ule ubishi aliposimama. Yeye ni mtu wa Goma. Alisema kwamba kwao, mtambo wanaouita mdogo hapa ndio mtambo wote. Alikuwa anazungumzia Matebe, kwenye mto Rutshuru, uliojengwa chini ya Hifadhi ya Virunga na kuzinduliwa mwishoni mwa 2015, wenye uwezo wa megawati 13 hivi. Kabla yake ulitangulia Mutwanga, mdogo zaidi hata ya Sol Plaatje, chini ya nusu megawati ulipoanza mwaka 2013, lakini ukatosha kuendesha kiwanda cha sabuni mahali ambapo hapakuwa na kiwanda. Mitambo hii haikufungwa kwenye gridi kubwa yoyote. Imejengewa nyaya zake, nguzo zake na wateja wake, na mapigo yake inayashika yenyewe. Fikra ya waliojenga ilikuwa wazi: kijana mwenye kazi ya kuchomelea vyuma au ya kinyozi chenye umeme ana sababu moja pungufu ya kuingia msituni, ama kukata makaa ama kubeba bunduki.

Lakini kuwa peke yako kuna hatari yake. Rutshuru ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Oktoba 2022, mtambo ulibaki upande mmoja wa vita na wateja wake wa Goma upande mwingine, na nyaya zikaendelea kuvuka mstari ambao watu hawakuweza kuuvuka. Januari 2025 mapigano yalipofika Goma yenyewe, umeme ulikatika na pampu za maji zikasimama. Watu waliteka maji ya ziwa Kivu kwa madumu. Kwa siku kadhaa wenzetu hapa Joubert Park walikuwa wanapiga simu zisizoita, na hawakujua kama ni kwa sababu simu imeisha chaji au ni kwa sababu nyingine.  Mtu wa Goma hajawahi kuuliza kama megawati 13 ni tone.

Kati ya hali hizo mbili, ya Bethlehem inayozimika na wenzake na ya Goma inayozimika peke yake, tulitafuta mfano wa katikati na tukaukuta Mufindi, mkoa wa Iringa. Mto Mwenga una kituo cha megawati nne, kilichoanza 2012. Kinauza umeme wake njia tatu: kwa viwanda vya chai, kwa TANESCO kupitia gridi ya taifa, na moja kwa moja kwa wanavijiji kupitia nyaya zake chenyewe. Tanzania ilikuwa imeweka utaratibu maalumu kwa wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10, wenye mkataba wa namna moja na bei inayosimamiwa na EWURA, ili mwenye mto mdogo asilazimike kujadiliana na shirika la taifa kama sisimizi na tembo. Mwaka 2020 wakaongeza mitambo ya upepo ya megawati 2.4 jirani na kituo, kwa kuwa kiangazi mto unapopungua ndipo upepo wa Mufindi unapoamka. Kijiji kina umeme, gridi inapata ziada, na mto ukinyong’onyea gridi inarudisha fadhila. Mpango wa namna hii hauvutii magazeti, pengine ndiyo sababu wengi wetu hatukuwahi kuusikia.

Na yule mkubwa wa Rufiji? Mashine yake ya kwanza iliwashwa Februari 2024. Mwezi uliofuata TANESCO ilisema imezima vituo vitano vya maji kwa muda, kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Baada ya miaka ya mgao ilikuwa habari njema, na hatutaki kuidharau. Lakini mwaka 2025 Serikali ilieleza kwamba mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu wa Rufiji unapotea mwingi njiani kabla ya kufika Kilimanjaro na Arusha. Nchi ina umeme wa kuzidi na bado inanunua wa jirani. Watu wengi mitandaoni walicheka. Aliyesoma hesabu ya joto la waya hakucheka. Kaskazini hukohuko, kwenye bonde la mto Pangani, kuna kituo cha Hale cha mwaka 1964, megawati 21, na Nyumba ya Mungu cha 1968, megawati nane. Vya zamani, vidogo, lakini viko karibu na mahali umeme unapohitajika.

Tumrudie mwenzetu wa tone. Alikuwa anauliza kituo kimoja kinatoa kiasi gani. Sisi tunadhani linapaswa kutangulia swali la kimefungwa kwenye waya wa nani, na waya huo ukikatika ni nani mwenye ruhusa ya kubaki na taa. Wahandisi wamekwisha kutengeneza vifaa vya kuwezesha kituo kidogo kufuata mapigo ya gridi siku za kawaida na kuyashika chenyewe siku ya giza. Kinachobaki ni sheria, fedha na kuaminiana, mambo ambayo hayapimwi kwa megawati. Na wa kwanza kuulizwa wangekuwa watu wa Lesotho. Mkataba wa maji ulisainiwa 1986 baina ya serikali ya ubaguzi ya Pretoria na serikali ya kijeshi ya Maseru, wanavijiji hawakupiga kura, wengine mashamba yao yalizama na wakahamishwa. Kila kituo kwenye mto Ash kinakula matunda ya uamuzi ule.

Oktoba 2024 handaki lilifungwa kwa miezi kadhaa ili likaguliwe na kupakwa upya ndani. Maji ya Katse yakazuiwa. ’Muela ilisimama, Lesotho ikawa inanunua umeme nje, na mto Ash ukabaki na maji yake yenyewe, kijito kilekile cha kabla ya 1998. Johannesburg iliendelea kunywa kutoka akiba ya bwawa la Vaal. Sisi wa Joubert Park hatukuona tofauti yoyote bombani.

Klabu inapanga safari ya siku moja kwenda Bethlehem mara baada ya mitihani. Tutapitia Frankfort na Reitz ili tuuone mto Wilge kwa macho, na mwalimu wetu wa fasihi ameahidi kuja na nakala ya Diphosho-phosho pamoja na Mabepari wa Venisi, atusomee Kitswana na Kiswahili pale ukutani penye kelele za maji. Anayetaka kwenda aandike jina lake kwa katibu. Nauli tutachangishana. Atakayechelewa basi litamwacha, na tafadhali beba koti, maana upepo wa Free State mwezi Juni hauna huruma.